Madawati Arobaini na Moja

Mara ya kwanza waliagiza matatu.
Mwalimu mkuu, Bi. Muringi, alikuja mwenyewe Ngong Road,
akaruka mtaro kwa viatu vyeupe,
akapapasa ubao kama anayechagua kitenge.
"Tumeamua kwa hiari yetu," akasema,
"watoto watatu kutoka ng'ambo ya mto.
Bodi imekubali. Hakuna aliyetushurutisha."
Nikamwuliza vimo vya watoto.
Hakujua. Alijua alama zao za mtihani.

Niliyapaka vanishi mara mbili, bei nikapunguza,
maana hata mimi nakaa ng'ambo hiyo,
na Nafuna wangu aliufanya mtihani ule,
akaambiwa: mwakani, labda.

Ilikuwa shule ya umma, jamani. Ya umma.
Kibao cha langoni kina ngao ya serikali.
Lakini umma ule ulikuwa na basi la manjano,
ada ya basi, ada ya bwawa, ada ya kuulizia ada,
na Kirichwa, mto usiomfika mtu magotini,
hakuna sare ya kijani iliyowahi kuuvuka.

Siku ya kuwapokea ilikatwa keki.
Watatu wakapigwa picha, meno nje.
Otenyo alirudi kwao muhula wa pili.
Hakupigwa, hakutukanwa.
Walimwambia "karibu" kila asubuhi,
kila asubuhi, kama aliyefika jana.

Kisha akina mama wa kwetu wakaenda mahakamani.
Miaka miwili na nusu ya tarehe kusogezwa,
nauli za Milimani, faili iliyopotea ikapatikana,
wakili akilipwa kidogo kidogo kwa simu.
Jaji akasoma kurasa sitini kwa sauti ya mafua.
Mama Khasandi, safu ya nyuma kabisa,
alishika neno moja tu: "Jumatatu."

Mara ya pili hakuja mtu. Ilikuja karatasi yenye muhuri:
madawati arobaini na moja, siku nne.
Nililala kwenye vumbi la randa.
Mbao nyingine zilikuwa mbichi bado. Ningefanyaje?
Nikaziunga hivyo hivyo.

Kupokea mzigo, Bi. Muringi hakutabasamu.
"Mngetupa muda," akasema, "tungefungua wenyewe.
Moyo hauamriwi na jaji."
Ni kweli. Nami namheshimu; keki ile aliilipia yeye.
Lakini mimi ni fundi. Naijua gundi,
naijua na jiliwa. Gundi ina nia njema,
ila pasipo jiliwa kuibana usiku kucha,
asubuhi unainua mguu, dawati linabaki sakafuni.
(Na yapo maungio yanayoachana
saa ileile unapolegeza skrubu. Hilo sikumwambia.)

Jumatatu hapakuwa na keki.
Askari wa lango aliita majina kama anayedai deni.
Magari kumi na mawili hayakuonekana wiki ile.
Moja lilirudi.
Wetu waliingia kwa kelele,
arobaini na mmoja: timu mbili za mpira,
waamuzi wao, na mashabiki wa kuwazomea.

Siku ya kwanza Nafuna hakusema kitu.
Ya pili akasema maharage ni matamu, walimpa, alishukuru.
Alishukuru! Nikakosa usingizi.
Ijumaa akautupa mkoba kitandani:
"Baba, maharage ya shule yetu yana chumvi mno,
na dawati langu linayumba. Nani alilitengeneza?"

Mgeni hasemi chumvi imezidi.
Niliinama chini ya meza, nikakawia huko,
nikitafuta nyundo
na kipande cha mti mkavu.